Sindano ya Jumatano

Jumatatu, 1 Machi 1993
Nimeshona sketi sita za shule. Mgongo unauma. Mimba miezi mitano. Mtoto anacheza tumboni, na kila akicheza naogopa. Dada yake naye alicheza hivi. Nilimzaa kule Magu, nyumbani kwa mama mkwe, mzima kabisa. Siku ya sita akakataa ziwa. Taya likakaza. Siku ya nane tukamzika. Watu walisema ni jicho baya.

Jumatano, 3 Machi
Kliniki. Nesi ameuliza habari za mtoto wa kwanza, nikamweleza. Amesema halikuwa jicho la mtu, ni pepopunda. Huingia kwenye kitovu. Mama akichomwa sindano mbili wakati wa mimba, mtoto hukingwa. Nilishapandisha mkono wa gauni. Kisha nikasema nitarudi, nimuulize mume wangu kwanza. Mwoga mimi.

Alhamisi, 4 Machi
Masanja amekataa. Tangu apunguzwe kazi kwenye kiwanda cha pamba anauza mitumba sokoni Mkuyuni, na huko wanasema sindano hiyo inafunga kizazi.
"Walianza kutupunguza kazini," amesema, "sasa wanatupunguza matumboni."
Naogopa kuchomwa. Naogopa kutochomwa.

Jumamosi, 13 Machi
Mama mkwe amefika kutoka Magu. Nimempigia magoti, nikampa shikamoo. Masanja amemweleza habari ya sindano hata kabla hajanywa maji. Sasa watakuwa wawili. Sijala.

Jumanne, 16 Machi
Tulikuwa tunachambua mchele. Mama mkwe akaniuliza nesi alisema nini hasa. Nikamwambia yote, hata ya kitovu.
"Mimi ndiye niliyekikata," akasema. "Kwa wembe wa kunyolea. Nikapaka majivu, kama nilivyofundishwa."
Nilimchukia. Kisha nikaona anachambua upya mchele uleule aliokwisha kuuchambua. Akasema wanawe wawili walikufa vilevile, kabla hajamzaa Masanja. Hakuwahi kujua sababu.
Masanja aliporudi, mama yake alimwambia kwa sauti ya chini: "Kesho nampeleka mwenyewe. Waliozika ni sisi, si hao wa mitumbani."

Jumatano, 17 Machi
Nimechomwa. Mkono umevimba kidogo. Masanja aliondoka na furushi lake alfajiri, kabla hatujatoka.

Jumatano, 14 Aprili
Sindano ya pili. Masanja amenisindikiza hadi mlango wa kliniki. Hakuingia.

Jumapili, 4 Julai
Mtoto wa kiume. Nimejifungulia hospitali. Wembe mpya, na kitovu hakikupakwa kitu. Kila mtu anafurahi. Mimi nahesabu siku.

Ijumaa, 9 Julai
Siku ya sita. Asubuhi amekataa ziwa.
Nikamwita mama mkwe. Akanawa, akamchukua, akamgusa taya. Laini. Kinywa kikafunguka. Pua ndiyo iliyoziba, mafua tu. Tulimsafisha, akanyonya mpaka akasinzia.
Masanja alikuwa amesimama mlangoni na furushi lake la mitumba. Aliketi juu yake akalia. Hata tulipomzika dada yake kule Magu hakulia.

Jumapili, 18 Julai
Mama mkwe amerudi Magu, pamba inamsubiri. Masanja amempeleka stendi. Nimefua nepi, nimezianika. Upepo wa ziwani unazikausha upesi.
Mtoto amelala. Kila baada ya muda nainama kusikiliza pumzi yake. Ipo. Nadhani nitainama hivi kwa muda mrefu.