Riyadh Hadi Jeddah Si Mbali

Jumamosi, 15 Novemba. Vumbi limetanda tangu alfajiri na koo linaniwasha. Leo nitaandika yote hapa kwenye blogu yangu, hata yale ambayo Baba ameniomba niyanyamazie.

Mama hayuko nasi hapa Riyadh. Binti wa bosi wa Baba alipoolewa Jeddah, aliondoka na Mama ili amfanyie kazi huko. Sisi tumebaki mtaa wa Al-Naseem, chumba cha nyuma ya nyumba ya bosi, kwa sababu Baba ni dereva wa bosi. Sijamwona Mama tangu Ramadhani.

Wiki iliyopita Mama aliomba nimtembelee Ijumaa moja tu. Madam wake, huyo huyo binti wa bosi, akasema Riyadh ni mbali, mgeni wa mbali lazima alazwe, na nafasi ya kulala, mafi, hakuna. "Si kweli ni mbali?" akamuuliza Mama.

Mama akajibu, "Ndiyo, madam, ni mbali." Amezoea kusema ndiyo kabla swali halijaisha.

Mimi nimekataa kwamba ni mbali.

Nimetafuta mwenyewe mtandaoni. Kwa ndege, kutoka hapa hadi Jeddah ni kilomita kama mia nane na hamsini, na mtu hukaa angani chini ya saa mbili. Kwa barabara ni siku nzima, hilo nakubali. Lakini bosi haendi kwa barabara. Huondoka asubuhi, hula chakula cha mchana kwa bintiye, chakula anachopika Mama, na jioni Baba humpokea uwanja wa ndege.

Jana nilikwenda na Baba kumpokea. Bosi aliketi nyuma, akavua viatu, akasema wali wa leo ulikuwa mtamu. Nikageuka. Kiarabu cha shule kilinitosha.

"Bosi, safari imekuchosha?"

"Safari gani? Usingizi haujakolea, tayari wanasema tufunge mikanda."

"Basi hata mimi naweza kwenda kwa Mama Ijumaa nikarudi siku hiyo hiyo. Madam amesema ni mbali."

Baba akakohoa. Bosi akasema, "Inshallah," akainamia simu yake.

Tulipomshusha, Baba hakuachia usukani. "Zawadi, unataka bosi, kafili anayetudhamini hapa, anikatie tiketi ya kurudi Nairobi? Hiyo nayo ni ndege, mwanangu." Maneno yalikuwa ya utani. Sauti haikuwa ya utani.

Nilimwomba radhi kwa kumtia hofu. Sikuomba radhi kwa nililosema.

Najua kuna inshallah ya ndiyo, na kuna ile ya hapana yenye adabu. Ya bosi sijui ni ipi. Ila leo asubuhi amemwambia Baba kwamba Ijumaa ijayo anakwenda tena, na kwamba leo usiku atazungumza na bintiye. Hakusema watazungumza nini.

Sitaki kulala kwa madam. Sitaki hata chai yake. Nataka kukaa sakafuni jikoni, Mama anisuke nywele, kisha nirudi kwetu.

Mama, najua unasoma hapa ukishamaliza vyombo. Niandikie leo leo: madam akikuuliza tena kama Riyadh ni mbali, utamjibu nini?