Jumamosi Bheki Aliporudi Kucheza

Papa Neema, mume wangu,

Huko uliko nakuombea utulivu. Kuna jambo limetokea jana, na sina mwingine wa kumweleza aelewe bila kuanza mbali.

Unakumbuka siku ulipoleta ule mtambo wa michezo ya televisheni kule Bellevue, mtaa wetu wa kwanza huku ugenini? Ilikuwa 2015, tuna chumba kimoja katika ile nyumba ya wapangaji wengi, nami nina mimba ya Neema. Ulikuja nao ndani ya mfuko wa vitambaa, umechakaa, una diski moja tu: mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Nilinuna, maana nilitaka kitanda cha mtoto. Ukaniambia, "Mama, mimi nilitaka chuo nikakikosa. Niache nisome hiki."

Ulikuwa umecheza kikapu shuleni Lubumbashi kabla ya kushika cherehani. Ukachagua chuo kidogo kisichojulikana, jezi za kijani, ukakihangaikia kama shamba la ukoo. Kila msimu ulipoisha, wachezaji wako bora walihitimu wakaondoka, ukabaki na wageni wasiojua hata kudaka. Uliumia kweli. "Unamlea mtu, halafu anakwenda!"

Bheki, jirani wa chumba cha mbele, alisikia kelele zako akabisha hodi. Tangu hapo pedi ya pili ya kuchezea ikawa yake kila Jumamosi mchana. Alikuwa mlinzi wa maduka, mcheshi. Alimbeba Neema mabegani, akajifunza kusema "karibu chakula" kabla hata sijapakua. Mkanifundisha na mimi. Siku niliyowashinda wote wawili, mkasingizia umeme.

Sijui hasa mambo yalibadilika lini. Mwaka wa 2019 Bheki aliacha kuvua koti akiingia. Kisha ukaja ule utani, akikuita ndugu kwa lugha ya mtaani: "Bra, mtarudi lini Kongo mkafundishe timu yenu?" Mara ya kwanza tulicheka sote. Mara ya pili ulicheka peke yako. Mara ya tatu hakucheka mtu, na macho yake hayakuwa kwenye televisheni, yalikuwa kwenye cherehani zako. Mhabeshi wa spaza, kile kiduka cha kona, akaanza kuhamisha bidhaa kidogo kidogo. Simu zikajaa sauti za watu nisiowajua, wakisema wageni wasionekane barabarani Jumanne.

Jumanne hiyo mimi nilikwenda saluni, kwa sababu nilikuwa na bibi harusi wa kusuka. Umati ulipofika, mteja mmoja Msotho, mwenyeji wa huku, alinisukuma chini ya meza, akanifunika taulo, akasimama mlangoni. "Humu niko mimi na wanangu tu!" Ulipokuja kunichukua kwa uchochoro wa nyuma, uso wako ulikuwa umepauka. Nilidhani ni kwa ajili yangu. Ulisema tulipofika nyumbani.

"Nimemwona Bheki."

"Bheki gani?"

"Bheki wetu. Alikuwa mbele yao, ameshika nondo."

Ndugu yako wa Randburg angepata gari la kutuhamisha Jumapili. Tukafunga sanduku, tukalisukuma chini ya kitanda. Jumamosi mchana, hodi. Nikakunong'oneza usifungue.

"Nikimfungia, atajua kwamba najua."

Akaingia, akaketi mahali pake. Mkacheza. Nilimkumbatia Neema kitandani, na kila mara mashabiki wa kwenye televisheni waliposhangilia, nilimbana zaidi. Bheki akasema bila kugeuka, "Nimesikia huko saluni kulichafuka. Mimi nilikuwa kazini."

"Tunamshukuru Mungu," ulijibu.

Mkaingia muda wa nyongeza. Akakosa mitupo ambayo hata mimi ningefunga. Mwishoni akaweka pedi chini.

"Uliniona, bra."

Nawe ukaiweka yako chini.

"Eish. Nilikwenda nijue wanaelekea wapi, nije niwaonye."

Ukamuuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei, "Na nondo je?"

Akainuka. Alisimama mlangoni muda mrefu, akitazama chini ya kitanda. "Mnahama lini?"

"Hatuhami."

"Sharp, sawa. Jumamosi ijayo, basi."

Kesho yake, watu wakiwa kanisani, tuliondoka. Uliuacha mtambo umewashwa, sauti juu, ili wadhani tumo. Baadaye tukasikia mlango ulivunjwa jioni ileile, na aliyetangulia kuingia ni Bheki. Wengine walisema alibeba cherehani. Wengine walisema alikuwa akiita majina yetu, akilia. Uliulizia habari hiyo kwa kila mtu aliyetoka Bellevue, mpaka presha ilipokuondoa duniani, na hukupata jibu.

Sasa sikia. Jana Neema alirudi kutoka shuleni anatabasamu. Kuna mjomba getini alimwita kwa jina. Alimwambia baba yake alikuwa fundi wa kikapu, timu ya kijani. Amemuuliza tunakaa jengo gani, naye mtoto akamwelekeza. Mjomba amesema atakuja kutusalimia Jumamosi.

Leo ni Ijumaa. Nimefunga sanduku, kisha nimelifungua. Nimelifunga tena. Huenda Bheki anakuja kuomba msamaha, Papa Neema, na huenda siyo. Kila nikijaribu kusikia ungesema nini, nakusikia ukigeuza ufunguo mlangoni, lakini sijui unafunga au unafungua.

Pumzika wewe. Mimi leo sitapumzika.

Mkeo,
Mama Neema