Gurudumu la Mbele Kushoto

Jumanne, 8 Julai

Boliti za gia boksi. Sita zimetoka, mbili zimekatika. Injini ya petroli haifai kitu: bloki imepasuka, ndani kutu tupu, rangi ya chai. Hata ingekuwa nzima ingekunywa faida yote ya mananasi. Shemeji Mwajuma anataka dizeli. Ana haki. Landrova ni yake sasa, shamba la Kiwangwa ni lake, mimi ni fundi tu na mdogo wa marehemu.

Miaka sita gari limekaa Ubena, nyuma ya gereji ya watu, tangu siku Kaka Shomari alipofia humo. Mwezi uliopita shemeji akalivuta mpaka hapa kwangu Mapinga. Sikumkatalia. Ningesema nini?

Magurudumu matatu nimeshayafungua. La mbele kushoto bado.

Alhamisi, 10 Julai

Injini ya dizeli imepatikana. 3L, imetoka kwenye Hiace iliyopondwa nyuma, mbele nzima. Inaingia, lakini si kwa kubembelezwa. Miguu ya injini lazima nichomelee upya kwenye chesisi, niisogeze nyuma kidogo. Rejeta nyingine. Na gia boksi hailingani nayo, kwa hiyo nimekata katoni ya biskuti, nikaibandika juu ya uso wa gia boksi, nikagonga kingo za matundu kwa nyundo ndogo mpaka zikajichora. Fundi wa kukereza, Bagamoyo, atachonga sahani ya chuma ya kuziunganisha kwa kufuata hiyo.

Nilikuwa na furaha. Furaha ya kipuuzi, nikipiga mluzi. Ndipo nikasikia makofi mawili kwenye boneti. Pa, pa. Ndivyo alivyokuwa akibisha hodi Kaka, kila akifika gereji, hata kwa gari la mtu.

Boneti nilishaitoa juzi. Imeegemea ukutani.

Sikugeuka. Nimefunga kazi saa nane mchana, kazi ikiwa bado.

Jumamosi, 12 Julai

Mama ametundika khanga kwenye dirisha linalotazama uani. Hataki kuliona lile gari. Amesema, bila mtu kumuuliza, gari halina kosa. Kosa ni la aliyeshika usukani.

Hii ndiyo dua yake ya miaka sita. Kila hitma anamwomba Mungu amsamehe yule mkaidi aliyechezea roho yake kwa mwendo. Hasemi Shomari bila kuongeza mkaidi. Watu wanaitikia amina. Na mimi naitikia. Sauti yangu huwa kubwa kuliko ya wengine, nimeshaona.

Leo nimechomelea mguu mmoja wa injini. Mshono mbaya. Nimeukata.

Jumatatu, 14 Julai

Shemeji amekuja na mananasi manne na mdomo wake.

"Shemeji, mbona magurudumu matatu yako uchi, hili moja umelivisha? Ndilo unaloliposa?"

Nimecheka. Nimemwambia nati zimegandana kwa kutu. Zile nati hazijagandana. Njia ya mwongo fupi, na yangu imebaki hatua mbili tatu.

Kabla ya kuondoka ameingia akakaa kiti cha abiria, mlango wazi, mikono mapajani. Akaniuliza kama breki zitaimudu injini nzito. Nikamweleza habari za pampu ya hewa iliyo nyuma ya altaneta, inayosaidia breki. Nilieleza sana. Alikuwa anatazama kiti cha dereva.

Nina hofu. Niiandike hivyo hivyo. Nina hofu na bomba la chuma lenye unene wa bua la mpunga.

Jumatano, 16 Julai

Nimelifungua lile gurudumu. Baada ya chai, ili nisije nikasingizia njaa.

Bomba la breki limepondwa bapa, limekunjwa, limegongwa tena juu ya mkunjo. Kazi yangu. Naijua kama mwandiko wangu.

Kila fundi wa barabara hii ameshafanya hivi. Silinda ya gurudumu inavuja, kipuri hakuna, unaziba bomba, gari linabaki na breki za magurudumu matatu. Unamwambia mwenyewe aende polepole, asikanyage breki ghafla, mpaka kipuri kije. Kumwambia ndiyo nusu ya kazi.

Mimi sikumwambia. Kaka alisema tusubiri kipuri, nikajitapa kwamba Ijumaa gari litakuwa tayari. Alipokuja nilikuwa nimekwenda kuswali. Funguo juu ya tairi, kama kawaida yetu. Akalichukua. Nilishika simu. Nikaona aibu kukiri kwamba nimeziba. Nikasema nitamwambia akirudi.

Ubena alikanyaga breki. Ya kulia ikashika, ya kushoto haikushika, gari likamvuta kulia mpaka mtaroni. Alama za tairi nilizisoma siku ile ile. Kwenye ripoti ya polisi ikaandikwa mwendokasi. Nikaacha iandikwe.

Nimemuua kaka yangu kwa aibu ya simu moja. Halafu nikamwachia na lawama.

Ijumaa, 18 Julai

Sahani iko tayari, imekaa sawa, kila tundu mahali pake. Sikuweza kuingiza injini. Nimekata kile kipande cha bomba, nimekifunga kwenye kitambaa, nimekwenda Kiwangwa.

Shemeji alikuwa shambani. Nimekiweka mkononi mwake, nimemweleza mpaka mwisho. Alikitazama sana. Nilitegemea anipige. Nilitaka anipige.

"Msamaha usiniombe leo," alisema. "Sina. Kamwambie mama yako kwanza. Mume wangu ametukanwa kwa Mungu miaka sita."

Akanirudishia bomba. Akaokota jembe.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele. Sikuzunguka, sikumtaja shetani wala kudra. Nimesema nilichofanya na nisichosema.

Vidole vyake viliendelea kwenye ungo. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo mwanangu hakuwa anakimbiza gari?"

"Hakuwa anakimbiza, Mama."

Akauweka ungo chini, akaenda dirishani, akaivuta khanga ikaanguka. Landrova iko pale, mbele wazi, haina injini. Aliitazama kana kwamba kuna mtu amekaa ndani.

"Shomari," alisema. Hakuongeza mkaidi. Baadaye sana, kwa sauti ndogo: "Nisamehe, baba."

Mimi hakunitazama. Msamaha sikumwomba.

Amekwenda kutawadha. Nimechukua ungo, nimemalizia kuchambua mchele.