Wembe wa Mutua Uliovaa Koti

Ruiru, Jumamosi asubuhi

Mutua rafiki yangu,

Leo nimejinyoa uso mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa ile mashine yako ya kunyolea, na sijajikata hata mara moja. Shavu langu ni laini kama yai la bata. Ungekuwa hapa ungeona wivu, ungesema nimekunyang'anya kazi.

Hilo doa jekundu hapo juu ya jina lako usilijali. Ni chai.

Haya, si chai. Nimejikata mara tatu: chini ya pua, kwenye kidevu, na pale shingoni ulipokuwa ukinishika pua na kunigeuza kichwa kama mbuzi wa sokoni. Nimebandika vipande vya karatasi usoni, nakaa kama ukuta wa matangazo. Lakini ujue siku ya kwanza nilijikata mara kumi na moja, kwa hivyo mtu akiniuliza naendeleaje, namwambia naendelea.

Ni miezi mitano sasa tangu utuache. Nikupe habari kidogo, maana sidhani huko mnaletewa gazeti. Mkeo Mbula ni mzima. Baiskeli yako bado iko ndani ya nyumba pale Makongeni, hataki mtu aipande, ila usukani ameugeuza mahali pa kutundika vitunguu. Kahawa imetoa maua mazuri mwaka huu na mimi bado nageuza mbegu juani kama zamani, mgongo unalia na mnyapara analia, sijui nimsikilize nani. Na binti yako Mwikali ameolewa. Jumamosi iliyopita. Hiyo ndiyo habari yenyewe, hizo nyingine nilikuwa najikaza tu.

Unisamehe mwandiko. Unajua shule yangu ya jioni ilivyoisha, nilifukuzwa kwa kucheka. Na barua hii naiandika kwa Kiswahili chetu kilekile tulichookota katika mkonge kule Juja, wewe Mkamba, mimi Mkikuyu, tunatukanwa pamoja kwa lugha moja. Pale ndipo uliponinyoa mara ya kwanza, kwa wembe mrefu uliokuwa ukiunoa kwenye mshipi wako, suruali inakaribia kuanguka. Tangu hapo ni kila Jumamosi. Hata ulipokwenda Thika ukawa kinyozi, nami nikaja huku Ruiru kwa kahawa, ni kila Jumamosi.

Ile miaka ya pasi, mimi Mkikuyu nisingeweza kutoka hapa kuja Thika bila karatasi ya serikali. Wewe Mkamba uliweza. Basi ukawa unakuja na baiskeli njia yote hiyo, wembe umeufunga kwa kitambaa, kunyoa uso mmoja. Wambui wangu, alipokuwa hai, alikuwa akikuona unatokea pale chini anaweka maji motoni bila kuulizwa. Nilikuambia mara nyingi kwamba umerukwa na akili. Asante sikuwahi kukuambia. Nafikiri nilikuwa nasubiri unikate kwanza, ili nipate la kusema, na hukunikata.

Halafu ukaenda ukafa, na pasi yangu ikatoka siku mbili baada ya mazishi.

Nilifika Makongeni nikakuta mmeshamaliza. Nasema mmeshamaliza kana kwamba na wewe ulikuwepo. Watu wa nyumba yako wote walikuwa wamenyolewa vichwa, Mbula, Mwikali, ndugu zako waliotoka Machakos, kama desturi ilivyo kwenu na kwetu. Mimi nani angeninyoa? Mimi si wa damu. Nikakaa kwenye kiti nilichopewa, na nywele zangu zote kichwani, kama mtu aliyekuja kununua kuku. Nikanywa chai. Nikarudi Ruiru nikasema basi, kama sikunyolewa siku ile, sinyoi tena.

Ndevu zikaota, Mutua. Zilitoka nyeupe, za kusimama, zikaenda kila upande. Kinyozi wa hapa aliniita mara mbili nikae kwenye kiti chake. Nikaona ni kama kuoa mke mwingine kabla matanga hayajaanuliwa. Nikapita upande wa pili wa barabara.

Mwezi uliopita ndipo Mwikali alipokuja. Ananiita baba mdogo, ingawa unajua vizuri ni nani kati yetu aliyetangulia kuota ndevu. Alikuwa amebeba ule mkebe wako wa biskuti. Akaniambia siku ya harusi imewekwa, na kaka yako mkubwa miguu imemshinda, haji. Kisha akaniambia ulivyomwambia pale kitandani, kwamba akiingia kanisani aingie na mimi.

Hukuniambia mimi. Ulimwambia yeye. Mjanja sana wewe, ulijua ningebisha.

Nilikubali kabla hajamaliza. Lakini akawa bado ananiangalia, na unajua macho ya yule mtoto, ni yako yale, ya mtu anayetafuta mahali pa kuanzia kunyoa. Akasema, "Baba mdogo, siingii kanisani na mtu anayefanana na matanga. Ukija hivyo nitaingia peke yangu."

Nikamwambia uso huu hakuna kinyozi atakayeugusa. Akauweka mkebe mezani.

"Basi uguse mwenyewe," akasema, akaenda zake.

Nilipofungua kile kifuniko nikapata brashi yako, imeanza upara katikati kama mwenyewe. Kikombe chako, na sabuni imeliwa shimo katikati, shimo la mzunguko wa mkono wako. Pakiti ya nyembe. Na ile mashine. Uliponunua mashine ile nilikucheka wiki nzima, nikasema wembe gani huu una uzio kama boma la kuku. Sikukubali uniguse nayo, wala sikutaka hata kuitazama ukiitumia. Sasa naitazama, na harufu ya sabuni ikanipata usoni, nikafunga mkebe. Siku hiyo sikunyoa.

Siku ya pili nilijikaza. Nikafungua mashine, ikatoka vipande vitatu, mpini, kitako na kofia yake. Nikatoa wembe mmoja katika pakiti. Ulikuwa umefungwa kwa karatasi nyororo yenye mafuta mafuta, imekunjwa vizuri kuliko barua ya serikali. Nikafikiri sana. Nikasema hawa waliotengeneza wembe wenye uzio ni watu waoga, bila shaka na hii karatasi ni kinga, ndiyo inayomlinda mzee asijikate. Sikuitoa. Nikaitoboa matundu kwa msumari, nikaubana mle ndani na karatasi yake, nikakaza.

Nilinyoa siku tatu, Mutua. Povu lilikuwa likienda huku, likirudi, unywele hata mmoja haukuanguka. Nikazunguka Ruiru yote nikieleza watu kwamba marehemu Mutua, kinyozi mzima wa Thika, alidanganywa dukani akauziwa kijiko.

Mwisho nikaipeleka kwa fundi Harnam, yule Kalasinga seremala anayetengeneza mikokoteni. Ndevu zake unazikumbuka, zinafika kifuani. Nilimwendea kwa sababu ni fundi wa vyuma pia, nikasema labda mashine imelegea. Akaifungua kwa vidole viwili. Akatazama. Angecheka ningeona nafuu, lakini hakucheka.

"Mzee," akaniambia pole pole, "wembe yako bado navaa koti."

Halafu akamwita mkewe kutoka jikoni aje aone. Mama alitazama, akajifunika mdomo kwa mtandio, akarudi ndani, na sufuria ikaanguka huko. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kunyoa na mtu ambaye dini yake haimruhusu kukata hata unywele mmoja. Naomba yasitoke kwako. Najua huko una rafiki wapya na una mdomo.

Basi wembe ukavuliwa koti, na mimi nikakumbuka ulivyokuwa ukiushika ule wembe wako mrefu, nikabana, nikakandamiza kama mtu anayepalilia. Hapo ndipo mara kumi na moja. Nilitoka damu mpaka kuku wakanifuata. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya harusi, uso umevimba, ndevu ziko nusu, na ile nusu iliyobaki ni mbaya kuliko zote mbili. Nikaketi nikasema huyu mtoto ataingia peke yake. Ataingia peke yake kwa sababu ya upumbavu wangu, na Mutua aliniachia kitu kimoja tu cha kufanya.

Siku ile ndipo nilipofumba macho nikajaribu kukukumbuka. Si maneno yako, maneno yako mengi yalikuwa matusi. Mikono yako. Nikakumbuka hukuanza na wembe hata siku moja. Ulianza na kitambaa cha maji ya moto, unanifunika uso mzima, unaniacha pale gizani nikilalamika, wewe unakoroga brashi. Kumbe haukuwa uvivu. Ndevu zilikuwa zinalainika. Nikafanya hivyo. Nikakoroga sabuni mpaka povu likasimama lenyewe, nikalipaka kwa kuzungusha. Nikaishika mashine kwa ncha za vidole, kama unavyoshika mkono wa mtoto mchanga, nikaiacha ishuke kwa uzito wake. Wala si nzito, lakini ni nzito ya kutosha. Ikashuka. Ikalia ile sauti ndogo ya kukwaruza, na nyuma yake shavu langu likatokea.

Nilishtuka. Unajua kioo changu ni kipande tu, naona jicho au naona mdomo, sijawahi kuviona pamoja. Sikujua ndevu za shavu la kushoto zinalala chini na za kulia zinakwenda sikioni. Sikujua kwamba chini ya taya kuna mahali zinazunguka kama maji yanayotaka kuingia shimoni. Wewe ulijua. Ulikuwa unageuza mkono pale bila kusita, huku unanisimulia habari za wateja wako. Miaka yote hiyo uso wangu ulijulikana na mtu mmoja tu duniani, na huyo mtu hakuwa mimi.

Nililia kidogo. Chumvi inauma sana kwenye mikato, sikushauri. Nikapaka shabu ya kukausha damu, nikaendelea.

Siku ya harusi nilipanda treni mapema, siku hizi karatasi hawaziulizi sana kama wakati ulipokufa. Nilivaa koti lile unalolijua. Baba ya bwana harusi alikuwa mlangoni pa kanisa, karani fulani, shingo inang'aa kama sahani iliyooshwa. Akanisalimu kwa heshima kabisa. Hakujua mimi ni nani, mtu aliyenyoa huwezi kujua ni nani.

Mwikali akatoka kwenye gari. Sitakueleza alivyopendeza, utaanza kujisifu. Akaja mpaka mbele yangu. Akavua glavu, akaniweka mkono shavuni, akaupitisha kinyume, kutoka kidevuni kurudi sikioni, kama ulivyokuwa ukifanya ukimaliza kumnyoa mtu. Kisha akashuka chini ya taya, pale zinapozunguka, kidole kikasimama.

"Hapa umeacha," akasema.

Na kweli niliacha. Kwa makusudi. Pale wewe ulikuwa unaacha nywele chache kila Jumamosi, na nilipokuuliza ulisema ni mbegu ya Jumamosi ijayo. Nilidhani ni utani wa kinyozi anayeogopa kukata mtu. Asubuhi ile mkono wangu ulifika pale, nikashindwa kuzitoa. Nilitaka kumweleza Mwikali haya yote, lakini watu walikuwa wanangoja.

"Najua," akasema, kabla sijaanza. "Baba alikuwa anatuambia nyumbani."

Akavaa glavu yake. Akanishika mkono. Tukaingia, Mutua. Nilitembea pole pole kama ulivyokuwa ukitembea wewe, magoti nje, na sikuanguka.

Sasa leo ni Jumamosi nyingine, hakuna harusi, hakuna aliyeniamrisha. Niliamka, nikaweka maji motoni, nikanyoa. Nimekwisha kukuambia matokeo. Nakuahidi nitafanya hivi kila Jumamosi mpaka mkono uanze kutetemeka. Sabuni yako iko karibu kuisha, nimenunua nyingine, lakini yako siitupi. Nitaibandika mpya juu yake, yako ikae chini kabisa, tunyoe wote. Na Mbula nitamtembelea kila mwezi, nimgombeze juu ya vitunguu.

Lala vizuri, ndugu yangu. Nimesema ndugu, na wasiopenda waje waninyoe.

Ila kuna jambo moja dogo, na usijifanye hulikumbuka. Siku ile mbuzi alipoingia nyumbani kwangu akatafuna shuka ya harusi ya Wambui, ni wewe uliyeacha lango wazi, umekuja na baiskeli yako na haraka zako. Nilisema ni mimi, kwa sababu ulikuwa mgeni. Wambui hakunisemesha siku tisa, na mpaka anakufa aliamini ni mimi. Ukanishika bega ukasema una deni langu. Mutua, mtoto wako nimemwingiza kanisani. Wambui yuko huko ulipo. Mtafute, umwamkie vizuri, kisha umwambie lango lile ni wewe.

Umwambie leo, kabla sijafika.

Njoroge wako