Chaki ya Mzee Arap Langat

Kwa Mama yangu mpendwa,

Sasa hivi Fridah amefunga uzi kwa gunzi la mahindi, akaupitisha juu ya mgongo wa kiti, akaanza kulivuta gunzi polepole kama mtu mwenye kazi yake. Kuku alikuwa anadonoa hapo chini. Mtoto akapiga kelele, "Tokeni chini! Tokeni chini!" mpaka kuku akaruka mlangoni na mimi nikamwaga chai kwa hii karatasi. Hiyo alama ya kahawia unayoiona hapo juu ndiyo hiyo. Nilicheka, Mama. Halafu nikakaa nikalia, kwa sababu hayo maneno najua aliyapata wapi. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Hamjambo huko nyumbani? Mguu wako unaendeleaje, ule unaovimba ukitembea kwenda kanisani? Ng'ombe alishazaa? Sisi kwa mwili tuko wazima wote watatu. Fridah ametimiza miaka mitatu na ana mdomo wa watu kumi. Lakini habari nyingine si nzuri, na nisipokuambia wewe sina mwingine.

Mzee Arap Langat amekufa. Tulimzika Jumamosi iliyopita.

Unamkumbuka, ni yule fundi mkuu wa kiwanda cha chai, aliyemchukua Baba Fridah kuwa msaidizi wake wakati hakuna mtu alitaka kumpa Mluhya kazi. Mwaka ule watu walipochomeana nyumba huku, na Fridah bado yuko tumboni, bibi ya Mzee ndiye alitulaza jikoni kwake siku nne nyuma ya kuni. Vijana walipokuja kuuliza kama kuna wageni, alisimama mlangoni na mwiko wa ugali akawaambia, "Humu kuna watoto wangu. Mnataka kuwahesabu?" Fridah anamwita Kogo, ndiyo nyanya kwa lugha ya hapa. Kwa hivyo tuliyemzika si bosi tu.

Sasa nikueleze vile ilikuwa, usije ukasikia kwa watu ikiwa imepinda.

Kiwanda kilinunua winchi ya stima, ya mnyororo. Zamani majani mabichi yalipandishwa kwa mnyororo wa kuvuta kwa mikono. Wanaume wanne wanavuta mpaka viganja vinachubuka, ndipo mzigo ufike ghorofa ya juu mahali majani yanatandazwa yanyauke. Hii mpya unabonyeza kidude tu, mzigo unapanda wenyewe. Ilikuja na kitabu cha Kizungu, lakini kina picha nyingi. Baba Fridah alikuwa anakileta nyumbani, tunakisoma tukila, mimi na Kizungu changu cha darasa la saba. Kuna picha moja ya mtu amesimama chini ya mzigo, na amekatwa na alama nyekundu ya X, ya kukataza. Fridah alimwonea huruma huyo mtu. Alikuwa anambusu.

Mzee alikuwa na mtindo wake wa kazi, na watu wote wa kiwanda waliujua. Alikaa na chaki mfukoni. Kitu kama hakijaisha anaandika juu yake BADO, kwa herufi kubwa. Kikiisha anafuta na mkono wa koti, anaandika TAYARI. Kabla ya TAYARI hakuna mtu anagusa. Hata mlango wa choo cha wafanyakazi uliwahi kukaa na BADO wiki mbili, na watu waliuheshimu wakateseka.

Walifunga hiyo winchi siku mbili, wawili tu. Nilikuwa nawapelekea chai na nikisimama mbali nawasikia.

"Wewe Mluhya, ukimaliza kuku mzima unasema una nguvu, na bolti moja inakushinda!"

"Si imekaza, Mzee! Ni hayo maziwa yenu ya mursik yamekujaa masikioni, husikii vile imelia."

"Kaza tena. Ikilia mara ya pili ndiyo nitaamini."

Lakini kwa mambo yenyewe hawakufanya mchezo. Baba Fridah akitaka kushika nyaya, kwanza anazima swichi kubwa, anatoa fyuzi, anaitia mfukoni mwake, ili mtu asiwashe stima kwa kutojua. Mnyororo waliunyoosha pingili kwa pingili kuona haukujisokota. Waliangalia ule ulimi mdogo wa ndoano kama unafunga, mzigo usichomoke. Waliiwasha tupu, ikapanda na kushuka, kuona kama inajisimamisha yenyewe ikifika mwisho juu, na ikifika mwisho chini. Yote yalikuwa mazuri. Ilibaki kuijaribu na mchanga. Mzee alisema mzigo wa kwanza usiwe wa majani, uwe magunia ya mchanga, mazito kuliko yale itabeba kila siku. Uinue kama upana wa kiganja tu, ungoje, usikilize, na watu wote wawe nje.

Ndipo Mzee akapanda ngazi kuangalia lile boriti la chuma ambalo winchi inaning'inia kwalo, hapo mlangoni pa kupokelea majani. Chuma kilikuwa kizima. Aligonga kwa nyundo mahali kinaingia ukutani, upande wa mfereji wa paa, na ukuta ukatoa sauti kama mtungi mtupu. Maji ya mvua yamekuwa yakiingia hapo sijui miaka mingapi. Akachukua chaki akaandika juu ya boriti, BADO. Akamwambia Meneja huo ukuta ubomolewe hapo, ujengwe upya na simiti, na ikauke vizuri kabla ya kitu chochote kuinuliwa.

Meneja akasema sawa, lakini Alhamisi ni maombi. Mama, huku kitu kipya hakianzi kazi bila kuombewa. Pasta alikuwa amealikwa, wakulima wote wamealikwa, na soda zimenunuliwa. Meneja akamwambia, "Mzee, magunia mawili tu. Tuinue kidogo, Pasta aombe, tushushe. Ukuta tutatengeneza Ijumaa."

Alhamisi ilipofika, Baba Fridah alikuwa ameitoa tena fyuzi na kuitia mfukoni. Alikataa kuitoa. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyu ametoka kwao kuja kutufungia maombi?" Wengine wakacheka. Mzee naye ni mzee wa kanisa, na watu wote walikuwa wanamwangalia yeye. Akanyoosha mkono.

"Lete, kijana wangu. Kiganja kimoja tu. Na hakuna mtu ataingia chini. Nitasimama hapo mwenyewe."

Baba Fridah akampa. Mzee alikosea hapo, Mama, sitakuficha, na Baba Fridah anasema yeye alikosea zaidi. Hajalala vizuri tangu siku hiyo. Lakini ngoja usikie na kosa langu.

Walitandika wavu, wakaweka magunia mawili ya majani. Basi mkulima mmoja akasema, kwa nini majani ya fulani yabarikiwe na yangu yabaki? Akasukuma gunia lake. Mwingine akasukuma lake. Kila mtu alitaka majani yake yawe kwa mzigo wa kwanza, ule wa baraka. Mimi nilikuwa nimechuma asubuhi kwa shamba la mama mmoja hapa jirani, Fridah mgongoni, na gunia lake nilikuwa nalo. Nilifikiri akisikia majani yake hayakuombewa atakasirika. Nikalisukuma ndani. Majani yalikuwa yamelowa maji na wavu ukajaa mpaka ukavimba. Mzee alikuwa upande ule mwingine anaongea na Pasta. Alipogeuka alisema, "Hiyo si mawili!" lakini wakati huo watu wameanza wimbo, na Meneja ndiye alikuwa ameshika kidude. Akabonyeza.

Mzigo ulipanda kama upana wa kiganja, halafu viwili, ukasimama. Ukapendeza kweli. Watu wakapiga makofi. Mvua ya saa nane ikaanguka hapo hapo, ile ya huku isiyopiga hodi, na wale walikuwa nje wakajisukuma ndani. Pasta akasema, "Tusogee tuwekee mkono kazi ya mikono yetu. Tufunge macho." Tukasogea. Mama, nilijua ile picha. Nilikuwa nimeiona kila jioni juu ya meza yangu. Lakini ni maombi, na watu wote wanasogea, nani atabaki nyuma kama mpagani? Niliweka mkono wangu juu ya gunia na nikafunga macho.

Mzee, aliyeshindwa kuwazuia watu, hakufunga. Nilisikia kitu kama mchanga kinaniangukia shingoni. Halafu nikasikia sauti yake, "Tokeni chini! Tokeni chini!" na mkono ukanisukuma begani kutoka nyuma kwa nguvu, nikaanguka kifudifudi nje kwa matope, mtoto juu yangu. Alisukuma na wengine. Ncha ya boriti ilitoka ukutani, ikashuka na winchi na mzigo wote. Mama mmoja amevunjika mkono. Mzee ilimpata kiunoni. Alikaa hospitali siku tatu. Baba Fridah alikuwa naye, na anasema aliuliza mara moja tu, "Yule mtoto wa mgongoni?" Akaambiwa ni mzima. Hakuuliza kitu kingine.

Sasa iliyobaki ndiyo inanikosesha usingizi. Meneja ameleta karatasi. Imeandikwa kwamba Mzee Arap Langat hakukagua ukuta, na kwamba yeye mwenyewe alisema mashine iko TAYARI. Baba Fridah anatakiwa kutia sahihi kama shahidi. Akitia, atakuwa fundi mahali pa Mzee na nyumba hii ya laini, ya wafanyakazi wa kiwanda, tutabaki nayo. Akikataa, tutoke mwisho wa mwezi. Na karatasi ikishakubaliwa, Kogo hatapata haki yoyote ya bwana yake, maana Mzee atahesabiwa mtu aliyejiua kwa uzembe.

Iko ndani ya Biblia, haijatiwa sahihi. Jana nilimwuliza, "Baba Fridah, utaandika?"

Akasema, "Mtoto atalala wapi?"

"Nikiwa naye tumboni, tulilala wapi mwaka ule wa vita?"

Alifungua Biblia akaitazama ile karatasi. Baadaye akasema, "Mama Fridah, neno langu ni la mgeni. Nikisema Mzee alikataa, Meneja atasema nadanganya, na hakuna kitu cha kuonyesha."

Lakini kitu kiko. Siku ile ile ya ajali, walipokuwa wanavuta lile boriti na trekta kulitupa nyuma ya boila, niliona ile BADO. Imeandikwa vizuri, na mwandiko wake kila mtu anaujua. Ni chaki tu, Mama, na mvua ya huku unaijua. Ilikuwa inaanza kunyunyiza tena. Nilivua nailoni yangu ya kuchumia chai, ile ya kufunga mbele tusilowe na umande, nikaizungusha kwa hilo boriti na kuifunga na kamba ya mtoto. Tangu hapo nachuma bila nailoni, nguo inalowa mpaka ndani, na kikohozi kidogo kimeanza, usijali. Kila asubuhi napita pale kama mtu anayeokota kuni, naangalia. Bado iko. Nimemwambia Kogo peke yake. Baba Fridah sikumwambia, kwa sababu hajui kuficha kitu usoni, na Meneja angejua siku hiyo hiyo. Nilifikiri hataandika kabla ya mtu wa leba, yule wa serikali wa mambo ya kazi, kuja kutoka Kericho kuangalia. Wanasema atakuja wiki hii. Lakini leo asubuhi nimeona kalamu imelala juu ya Biblia. Akirudi jioni nitamwonyesha, liwe liwalo.

Usiseme nirudi nyumbani, Mama. Najua utasema. Tukitoka hapa tutatoka, mikono tunayo. Lakini sitaki Fridah akue akijua jina la huyo mzee kama la mtu mzembe, na yeye ndiye alimtupa nje kwa matope akiwa mzima. Mimi naamini itakuwa sawa. Kama chaki imevumilia mvua ya siku hizi zote, hata sisi tutavumilia.

Barua hii nitaipeleka posta Litein siku ya soko. Nisalimie Baba, umwambie asinunue ile redio, angoje. Msalimie kaka yangu mkubwa na shemeji, na shangazi wa kule mtoni, umwambie ile kamba ya kubebea mtoto aliyonisukia ndiyo imefunga kitu kikubwa kuliko mtoto. Na mwalimu wangu wa darasa la saba ukimwona sokoni, umwambie Kizungu chake kilinisaidia kusoma kitabu cha

Kogo ananiita huko nje, Mama. Ngoja. "Mama Fridah! Mama Fridah, njoo!" Anasema mtu wa leba amefika, wako nyuma ya boila, ameona nailoni na anauliza ni ya nani. Meneja anamwambia ni takataka ya wachumaji. Baba Fridah amesimama hapo hapo na hajui kitu. Namfunga mtoto mgongoni na leso, naenda kuifungua mimi mwenyewe, nimwambie ni yangu, na aone BADO ya Mzee.