Mshenga Ameomba Kahawa

Alhamisi. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, Overport, mtaa wetu huku ugenini, wote umelowa, na mimi nimemkumbuka sana baba.

Baba alikuwa akipima karafuu kwenye bohari la bandarini, Unguja. Kila alipokuja mnunuzi kutoka Uingereza, alitanguliwa na bwana wa ubalozini, suruali imenyooka, anaulizia afya za watoto. Baba hakutaja bei kabla ya kahawa. "Yule ni mshenga tu," alituambia. "Posa inakuja nyuma. Mgeni akiomba kikombe cha pili, mzigo umekwenda." Sisi watoto tulichungulia mlangoni tukiombea halua ibaki.

Leo mshenga kaja dukani kwangu. Binti mpole wa ofisi ya kibalozi ya Waingereza, kaniletea mnunuzi anayetaka bizari ya pilau ya marehemu mama. Kila nikipita Clairwood na kuona yale malori yanakwenda bandari ya huku, huwa naota na mzigo wangu umo. Basi nikafanya kama baba: kahawa chungu, halua, habari za nyumbani. Binti anaangalia saa, mimi namimina.

Mnunuzi akaomba kikombe cha pili!

Kisha akasema bizari ni nzuri mno, ila jina la mama, "Bi Mwanaidi", litoke kwenye pakiti. Wataweka la kwao, maana kwao hakuna anayemjua. Nikasema nitajibu kesho.

Walipoondoka, Béatrice, Mkongomani ninayeuza naye, akaacha kuosha vikombe. Huniita Yaya, yaani mkubwa wake. "Yaya, jina ya mama ikitoka, utabakia na nini? Eish, ile kitu ni yake, haiko yao."

Nilimkasirikia, kwa sababu mzigo nautaka. Nautaka sana, sitajidanganya hapa.

Lakini mama alitwanga bizari ile mpaka mikono ikanuka hiliki hata siku ya Idi. Na karafuu za baba zilipanda meli kwenye magunia yenye majina ya wengine. Hakulalamika. Nadhani hakuna aliyemuuliza.

Mimi nimeulizwa.

Asubuhi nitampigia yule binti, maana jibu la posa hupewa mshenga. Bizari waichukue, jina la mama libaki. Wakikataa nitalia, najijua. Nikimaliza nitapika pilau, na huyo mshenga, binti wa watu, nitamwita aje kula.