Mkono Hauguswi, Kinena Hakionwi

3 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, isipokuwa kifua, ambacho hubana nikikanyaga cherehani. Daktari anataka kupitisha mrija mwembamba hadi moyoni ili apige picha ya mishipa yake. Ama apitie kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ama kinenani. Nimemjibu kwamba mkono wa kukatia nguo hauguswi, na kinena changu si barabara ya umma. Akauliza, "Basi nipite wapi, mama?" Nikamwambia, "Hiyo ni kazi yako. Mimi ninashona suti."

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Sisi tu wazima, ila barua yako imeninyima raha. Wagonjwa wa namna hiyo ndio ninaowauguza. Anayepitiwa mkononi kwa kawaida hatokwi na damu nyingi, na huketi mapema. Wa kinenani hulala chali kwa saa kadhaa, mguu umenyooka. Mshipa wa mkono huweza kujikaza, hata kuziba, lakini kiganja kina mshipa mwingine wa kukilisha. Omba mkono wa kushoto. Moyo ukisimama, huo wa kulia utamkatia nani nguo?

Binti yako

19 Machi

Binti yangu,

Salamu zimefika, na ujeuri wako pia. Umeurithi kwangu. Daktari alinung'unika kwamba kuinamia upande wa kushoto kunamuumiza mgongo. Nikamwambia, "Mgongo wako, moyo wangu. Chagua." Amekubali. Kinena nimekikataza kwa sahihi yangu.

Mama

27 Machi

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Kama mkono ulishindikana, ukawafukuza, rudi. Nakuomba.

Binti yako

2 Aprili

Binti yangu,

Usilie. Mshipa wa kushoto ulijikaza, mrija ukagoma. Daktari akasema, "Tunaacha, mama. Ulikataa." Nikamjibu, "Nilikataa mimi, na mimi ndiye ninayeruhusu. Fungua vifungo."

Nilikuwa nimejishonea suruali fupi ya pamba, yenye kidirisha cha vifungo kila upande wa kinena. Muuguzi alifungua kidirisha kimoja tu. Hakuna aliyeona nisichotaka aone.

Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umebana; wameuzibua. Nililala chali, mguu umenyooka, nikiwakaripia wote.

Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amekataa katakata kupitiwa kinenani, anataka suruali kama yangu. Nimeshampima kiuno. Usithubutu kuniambia nipumzike.

Mama